Uso Uliomwachia Nekesa

Kwako mama, uliye Myanga,

Kazi yangu ya uandishi wa habari imenizoesha kuanza na lililotokea, kisha mahali, kisha waliokuwapo. Nianze hivyo hivyo. Mjukuu wako Nekesa amewekewa kifaa mdomoni. Aliwekewa Kitale, kwa daktari wa kupanga meno, nami nilikuwapo. Ana miaka minane. Akifunga mdomo, meno yake ya chini hupita mbele ya yale ya juu, kama yalivyokuwa yako.

Hayo maneno matatu ya mwisho nimeyafuta na kuyarudisha kabla ya kuyaacha hapo. Ulipokuwa hai sikuwahi kuyasema mbele yako, wala nyumbani hakuna aliyeyasema.

Mtaani waliyasema. Unakumbuka ile veranda ya Bungoma ulikokuwa ukishonea, na cherehani yako yenye droo ndogo upande wa kulia, ya kuwekea bobini na chaki. Droo ile haikufunga sawasawa. Kila mara ilibaki imetokeza. Watoto waliitazama droo, wakatazama kidevu chako, wakakupa jina. Wakitoka shule walipita mbio wakiimba, "Mama Droo! Mama Droo, funga droo!" Wewe uliinua macho juu ya miwani, ukazitoa pini mdomoni moja moja, ukazichoma kwenye kitambaa kifuani, kisha ukawajibu: "Leo imefungwa. Kujeni kesho, nitawapatia bobini." Walicheka mpaka wakakaa chini. Ukacheka nao, kiganja kikiwa juu ya mdomo.

Mimi nilikuwa nyuma yako nimeinamia hesabu, nikijifanya sijasikia. Walikuwa wanafunzi wenzangu. Kesho yake darasani waliniita Mtoto wa Droo, na hasira yangu sikuielekeza kwao. Niliielekeza kwako, kwa sababu ulikuwa umewajibu.

Pini zile nilizielewa nikiwa mtu mzima. Fundi mwenye pini midomoni haombwi kuzungumza, wala hatarajiwi kutabasamu. Ulikaa nazo hata siku ambazo hukuwa na nguo ya kupima. Na pale pini zisipofaa, kanisani au matangani, palikuwa na upindo wa leso. Watu walisema wewe ni mtu wa adabu, mwanamke asiyecheka mdomo wazi. Wageni wakija, ulitenga kuku mezani ukarudi jikoni, nao wakasema, "Mama huyu ana heshima, hali mbele ya watu." Hawakujua kwamba meno yako ya mbele hayakuweza kukata nyama, na kwamba jikoni ulikuwa ukiichambua kwa vidole, vipande vidogo vidogo, umeupa mlango mgongo. Mimi nilijua. Nilikuwa nikiingia kuchukua maji ya kunawa, na ulikuwa ukisita mpaka nitoke.

Sifa ya adabu ilikuwa nzuri, kwa hiyo hatukuichunguza. Nekesa alipoanza shule ya chekechea, mwalimu wake naye alitusifia: mtoto ana adabu, akicheka anafunika mdomo. Nilikuletea habari hiyo kama zawadi. Ulimwita, ukamshika kidevu, ukamgeuza huku na huku kama unayetafuta doa kwenye kitambaa, ukamwachia.

Halafu kuna mahindi. Kila likizo mlikaa wawili kwenye ngazi za nyumba ya Myanga, hindi la kuchoma kila mmoja, mkipukuchua punje kwa kidole gumba na kutupia mdomoni. Hakuna aliyeuma. Ukoo mzima ulipenda kuwaangalia. Tulisema, "Ona anavyomuiga kukhu wake." Mke wangu peke yake ndiye aliyesema, "Huyu haigi. Hebu mtazame akiuma andazi." Nikamwambia ni mapenzi tu ya mtoto kwa bibi yake. Mimi ndiye mtu anayelipwa kutazama.

Na kuna siku jino lake la kwanza lilipong'oka. Mlitoka nje, ukamwonyesha jinsi ya kulirusha juu ya paa na kuomba jingine. Nilikuwa kwenye kiti na gazeti. Alirusha, likagonga bati, akapiga makofi. Ukamwambia, "Sasa omba. Omba mazuri. Omba yenye yamenyooka, yasitokee mbele." Ulisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Nilifungua ukurasa wa pili wa gazeti, nikasoma kitu ambacho sikumbuki. Maishani mwako hilo ndilo neno pekee nililolisikia kwako kuhusu meno, na ulilisema kwa niaba ya mtoto.

Yalipoota ya kudumu, yale mawili ya juu yalikuja nyuma ya yale ya chini. Wakati huo ulikuwa umeshaanza kuugua.

Sasa nifike kwenye picha. Ulipofariki, tulihitaji moja ya programu ya mazishi. Tulitafuta nyumba nzima. Kwenye kila picha palikuwa na mkono, au leso, au umeinama kumfunga mtoto viatu. Iliyobaki ni ya kitambulisho, nayo nikaipeleka kwa mwenye studio pale Bungoma. Niliporudi jioni alikuwa ameikuza na kuiweka maua pembeni. "Pole sana, mzee wangu," akasema. "Nimemtengeneza kidevu kidogo tu. Familia nyingi hupenda." Ni kazi yao, mwingine huvalishwa suti ambayo hakuwahi kuwa nayo, mwingine hutolewa makunyanzi. Wewe alikurudisha taya ndani.

Sikumwagiza. Lakini niliitazama ile picha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na nilichohisi ni nafuu. Nikamwambia, "Iko sawa."

Kazini kwangu picha iliyoguswa haichapishwi. Niliwahi kugombana na mhariri kwa sababu ya picha ya mwanasiasa aliyeongezewa umati. Nilimwambia msomaji ana haki ya kuwaona waliokuja, hata kama ni mbuzi watatu na mwenye hema. Na hapo studio nilipokea programu zako, nikashukuru, nikaondoka.

Siku ya mazishi dada yako, mama mdogo Nasimiyu, alifungua programu, akaifunga, akaikalia. Nekesa aliinua yake akaniuliza, "Baba, huyu ni nani?" Nikamwambia ni kukhu alipokuwa kijana.

Miezi kadhaa baadaye Nekesa alivunja ncha ya jino akila muwa. Mke wangu hakuniuliza tena. Alipiga simu Kitale akapata nafasi, na siku hiyo alikuwa kazini, kwa hiyo nikampeleka mimi. Daktari alikuwa ametuambia tubebe picha za jamaa wa karibu, za ubavuni kama zipo. Nilikuwa na picha yako moja tu isiyo na mkono mdomoni. Niliichukua nikijua ni ipi.

Daktari ni mama wa makamo, mwenye sauti ya chini, anayezungumza na mtoto kabla ya mzazi. "Sasa Nekesa. Fungua. Haya, uma na meno ya nyuma. Usiniume mimi lakini." Nekesa akacheka, mkono ukaenda mdomoni. Daktari akaushika ule mkono taratibu akaurudisha pajani. "Hapa hatufuniki. Hapa ndio mahali pa kuonyesha."

Akamuuliza mahindi anakulaje. Nekesa akamwonyesha kwa kidole gumba.

Kisha akanigeukia. Mtu mwingine nyumbani ana taya kama hili? Mimi? Akatazama mdomo wangu. Nilimfuata baba, unajua. Mke wangu? Picha zake zilikuwa sawa. "Na bibi zake?" Nikampa programu ya mazishi. Akaitazama, akasema pole, akasema, "Basi kwa upande huu hakuna shida," akaanza kuandika.

Nekesa alikuwa amelala kwenye kile kiti kirefu, taa usoni. Akasema, "Hiyo imetengenezwa."

"Nini imetengenezwa?"

"Hiyo picha. Kukhu hakuwa hivyo. Alikuwa kama mimi."

Daktari aliweka kalamu chini. "Ni kweli, baba Nekesa?"

Nimewauliza watu wakubwa swali la aina hiyo, na ninajua kinachofuata: mtu hutazama pembeni, hurekebisha shati, huanza na neno "kimsingi". Nilitazama pembeni. Nikasema ni kweli.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alivuta kiti akanieleza kama anavyoeleza kila siku. "Sikia. Eksirei inanionyesha taya lilivyo leo. Hainionyeshi litakavyokua. Hilo naulizia kwa ukoo. Kama ni taya la juu tu limebaki nyuma, tunalivuta sasa, angali mdogo, mifupa bado inakubali, na tunamaliza. Kama ni ya ukoo, bado tunaanza sasa, maana haya meno yanagongana vibaya na yatazidi kuvunjika. Lakini la chini linaweza kuendelea kukua mpaka awe msichana mkubwa. Lazima nimfuate miaka. Pengine atahitaji kazi nyingine baadaye. Nikimpangia kwa hii picha yako, nitamwambia amepona, halafu akifika huko mbele ajione linarudi, afikirie ni makosa yake." Akanirudishia programu. "Huna ingine?"

Nilisema sina. Nekesa akasema, "Iko kwa kukhu Nasimiyu. Kwa ukuta."

Mama, nimeenda kwa dada yako tangu nikiwa mtoto. Ndiye uliyekuwa ukimtuma shuleni kwangu siku za wazazi badala yako, akitoka Kitale na kikapu cha parachichi. Nyumba yake ninaifahamu kama yangu. Sikukumbuka picha yoyote.

Tulimkuta anaanika mahindi uani. Nilimwambia shida yetu. Alifuta mikono, akaingia sebuleni, akasimama mbele ya kile kiti cha mbao chenye mito ya kijani, akaonyesha juu yake. "Si hiyo hapo."

Ni harusi yake. Wewe uko pembeni, umegeuka ubavu, kuna mtu amesema kitu upande wa pili ambaye haonekani, na unacheka. Mikono yote miwili imeshika sahani, kwa hiyo hukuwa na wa kufunikia. Mdomo uko wazi wote. Taya liko pale lilipo. Macho yamefumba.

"Kila ukija hapa unakaa hicho kiti," mama mdogo akasema. "Sebule mzima iko na viti, wewe ni hicho tu. Unampea mgongo. Mimi nilikuwa nasema huyu mtoto anapenda mito yangu."

Sijui kama nilikuwa nikikichagua kiti kile kwa makusudi, na sitaki kudai kwamba sijui ili nionekane bora. Nilikaa pale miaka yote.

"Na yeye mwenyewe?" nikauliza. "Aliikubali ikae hapo?"

Mama mdogo akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Akubali! Akifika tu, kabla hata ya maji ya kunywa, anaigeuza kwa ukuta. Akienda naigeuza tena. Akirudi anageuza. Msumari umekwisha kwa sababu ya mama yako. Hatukuwahi kuongea hiyo maneno, bana. Yeye anageuza, mimi nageuza."

Nekesa alikuwa amepanda juu ya kiti, pua karibu na kioo. "Kukhu alikuwa anacheka hivi?"

"Hivyo hivyo," mama mdogo akamwambia. "Mpaka jirani anasikia."

"Sikuwahi ona."

Mimi pia, mama. Ulinizaa, ukanilea, nikakuzika, na nilikuwa sijawahi kuona ukicheka mpaka mwisho.

Mama mdogo aliitungua akanipa. "Enda nayo. Lakini ni ya kwa ukuta. Usiniambie umeiweka kwa droo."

Nilitazama uso wake kuona kama alikusudia neno lile. Alikusudia.

Daktari aliipokea picha kwa mikono miwili, akaipeleka dirishani, akamwita Nekesa asimame ubavuni kwenye mwanga ule ule. Aliwatazama ninyi wawili kwa zamu. "Sasa naona," akasema. Akapanga upya. Kwanza kifaa cha kupanulia kaakaa, ambacho mimi hukizungusha kila jioni kwa ufunguo mdogo kama wa kopo la samaki. Kisha fremu ya usoni, yenye vishikio viwili, kimoja cha paji na kimoja cha kidevu, na mipira midogo inayovuta taya la juu mbele. Huvaliwa akitoka shule na usiku kucha. Hakuahidi kitu. Alisema tutajua njiani, na kwamba tumekuja katika umri mzuri.

Kabla hatujatoka Nekesa alimuuliza, "Nikimaliza, nitaacha kufanana na kukhu?"

Swali hilo lilikuwa langu. Nililibeba kutoka studio hadi makaburini hadi Kitale. Nilikuwa nikijiuliza kama ninampeleka mtoto akatibiwe meno au ninampeleka kwa mwenye studio mwingine, mwenye vyuma. Nilikuwa naogopa pia kwamba jibu lingenifurahisha.

Daktari alifikiri. "Mimi nashughulika na kuuma. Nataka uume muwa bila kuvunja jino, na mahindi kwa gunzi kama mtu mwenye haraka. Macho siyagusi. Na hicho kicheko, hata nikitaka, sina chombo chake."

Tulirudi nyumbani Kanduyi. Jioni ya kwanza aliyovaa fremu, alikataa kukaa ndani ingawa alikuwa ameruhusiwa kukaa. Alienda nami dukani. Mwenye duka, ambaye unamfahamu kwa mdomo wake, alipaza sauti mpaka boda boda wakageuka: "Baba Nekesa! Si mmefunga mtoto mdomo kama ng'ombe wa palizi!"

Niliharakisha kuchukua mkate. Nilitaka kuondoka. Nekesa hakuondoka. "Ng'ombe anafungwa ndio asikule mahindi," akamjibu. "Mimi nimefungwa ndio nikule."

Boda boda walicheka mpaka mmoja akashuka kwenye pikipiki. Mwenye duka alimpa peremende kisha akakumbuka meno, akaichukua, akampa ndizi. Nami nilisimama na mkate, nikikusikia wewe pale veranda: kujeni kesho, nitawapatia bobini. Sikuwa nimejua kwamba na hilo hurithiwa. Na niliona aibu ile ile ya zamani ikinipanda shingoni, mahali pale pale, kwa sababu ile ile: kwamba alikuwa amewajibu.

Picha yako ilikaa kwenye ukuta wa sebule yetu. Ningependa kukuandikia kwamba hapo mambo yaliisha. Hayakuisha. Jumamosi moja wenzangu wa kazini walipita nyumbani wakitokea uwanjani, watu wanne, waandishi, wenye macho. Niliwasikia getini. Kabla sijafikiri, nilikuwa nimesimama mbele ya picha na nimeigeuza. Mkono ulienda wenyewe. Niliona ubao wa nyuma wa fremu, ile karatasi ya kahawia, na nikajua kwamba huo ndio upande uliokuwa ukiuona wewe kila ulipokuwa Kitale.

Waliingia, wakaketi, chai ikaja. Nekesa akatoka chumbani na fremu yake usoni. Aliwasalimia mmoja mmoja kwa mkono, kama ulivyomfundisha. Mmoja akamuuliza kwa upole, "Pole, ulianguka?" Akasema, "Hapana, natengeneza kuuma." Kisha akaona ukuta. Alinitazama, mara moja tu, bila kuuliza. Alivuta kiti, akapanda, akaigeuza picha, akainyoosha kwa kidole mpaka ikakaa sawa.

"Huyu ni kukhu wangu," akawaambia. "Hapo anacheka."

Wakasimama kuitazama. Mmoja akasema unafanana na mtoto. Nikasema ndiyo. Nikasema ni mama yangu, alikuwa fundi wa nguo Bungoma, mtaani walimwita Mama Droo, na nikawaeleza kwa nini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka jina lile kwa sauti. Sauti haikuwa nzuri, lakini nilimaliza.

Kwenye msalaba wako huko Myanga bado kuna ile picha ya studio. Likizo ikianza tutakuja na hii nyingine. Nekesa amesema ataipigilia misumari yeye mwenyewe, minne, kila pembe mmoja, ili asiwepo wa kuigeuza. Alinitazama aliposema hivyo, na akataja na wewe pia.

Basi kaa salama, mama, na utuvumilie mpaka tufike. Nitabeba mahindi ya kuchoma. Yeye anataka kujaribu gunzi.

Mimi mwanao,
baba Nekesa